Mduara wa Kilomita 13: Viwanja vya Ndege na Ukanda wa Kijani wa Kyela

Mijadala yetu kuhusu viwanja vya ndege huanza na urefu wa njia ya kurukia na kuishia kwenye idadi ya abiria. Makala haya yanaanzia kwingine: kwenye ardhi ambayo uwanja huitawala bila kuimiliki. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) linashauri kwamba mambo yanayovuta ndege wa porini, hasa majalala ya taka, yadhibitiwe ndani ya mduara wa kilomita 13 kuzunguka uwanja. Ushauri huo una sababu nzito, kwa kuwa korongo mmoja akiingia kwenye injini wakati wa kupaa, roho za abiria wote zimo hatarini. Lakini wapo wanaotaka uwanja kwenye mwambao wa Kyela; chora mduara huo kuzunguka Kyela mjini, uone unachogusa. Ziwa Nyasa liko kiasi cha kilomita kumi tu kutoka mjini. Bandari ya Itungi imo, mlango wa Mto Kiwira umo, na matete yanayopakana na mashamba ya mpunga yamo.

Jalala linaweza kuhamishwa. Mlango wa mto hauhamishiki, na ndio unaovuta ndege kuliko jalala lolote. Juu ya maji ya Nyasa hupanda mawingu ya kungu, vijidudu vinavyoibuka ziwani kwa wingi kiasi kwamba mtu aliye mbali hudhani ni moshi. Wakazi wa mwambao huwakamata, wakawakanda na kuwapika kuwa kitoweo. Mbayuwayu nao huwafuata angani. Chini ya maji kuna mbasa, samaki anayekulia ziwani lakini hutaga mitoni. Masika yakijaza mito, hupanda Kiwira na Lufilyo kutafuta maji yaendayo kasi juu ya changarawe safi. Ukifukia ardhi chepechepe ya mlangoni au ukiruhusu tope la ujenzi litiririke, mbasa hana pa kupita wala pa kutagia. Bandari ya Itungi imesumbuliwa na tope la mito kwa miaka mingi, kwa hiyo hakuna Mnyakyusa wa mwambao anayehitaji kuelezwa udongo uliolegezwa juu hufanya nini ukifika chini.

Je, sheria haitoshi? Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au kingo za mto. Ni kifungu chema, na kinastahili kusimamiwa kwa ukali kuliko ilivyo sasa. Hata hivyo, kiliandikwa kana kwamba ufukwe umesimama mahali pamoja. Kyela ni tambarare inayopokea mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Kina cha ziwa hupanda na kushuka kila mwaka, na Mto Songwe umehama mkondo mara nyingi hata kuzua maswali ya mpaka kati yetu na Malawi. Mita 60 zilizopimwa kiangazi zinaweza kuwa zote chini ya maji mwezi Aprili. Na hata zikibaki kavu, mita 60 hazina nguvu mbele ya kilomita 13.

Mfano wa Entebbe, Uganda, unafundisha. Uwanja ule umejengwa kwenye rasi ndani ya Ziwa Viktoria, na jirani yake kuna ghuba ya Lutembe, ambako membe wanaohama kutoka Ulaya na Asia hukusanyika kwa malaki. Lutembe iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2006, miaka mingi baada ya uwanja kuwepo, na tangu hapo imeendelea kumegwa na mashamba ya maua na ufukiaji. Ulinzi uliofika baada ya miundombinu umebaki kuwa ulinzi wa kuomba. Bukoba nako njia ya kurukia imebanwa kati ya mji na ziwa: ukitaka kuirefusha, utaingia majini au kwenye makazi ya watu.

Wanaotaka uwanja mwambaoni wana hoja ya haki. Matema ina ufukwe mzuri chini ya Milima ya Livingstone, kakao ya Kyela inauzwa nje, na mgonjwa mahututi hangoji. Hoja hizo nazipa uzito wote, kisha nauliza kama zinahitaji lami kando ya ziwa. Uwanja wa Songwe ulioko Mbeya, uliofunguliwa Desemba 2012, una njia ya kurukia yenye zaidi ya kilomita tatu. Barabara ya lami inashuka kutoka Uyole kupitia Tukuyu, na nyingine inatoka Kikusya hadi Matema kupitia Ipinda. Fedha ya njia mpya ya kurukia ingemfaa zaidi mgonjwa kama ingenunua magari ya wagonjwa na kuimarisha hospitali ya wilaya. Mtalii naye anafuata mlima na maji yale yale ambayo uwanja ungeyaharibu.

Jirani zetu wa ziwa hili wamekwisha kuchukua hatua. Malawi ilitangaza hifadhi ya taifa ya ziwani mwaka 1980, nayo ikaingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1984. Msumbiji iliandikisha upande wake chini ya Ramsar mwaka 2011. Tanzania ina maeneo manne ya Ramsar: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Hakuna hata moja kwenye Ziwa Nyasa, lenye aina zaidi ya 500 za samaki, wengi wao wasiopatikana popote pengine duniani.

Halmashauri ya Kyela haina sababu ya kusubiri mkataba wa kimataifa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 zinaipa mikutano ya vijiji uwezo wa kutenga ardhi ya hifadhi. Vijiji vya milango ya Songwe, Kiwira na Mbaka vianze sasa, vipime ukanda wao wa kijani kwa kiwango cha maji ya masika, na ramani hizo zisajiliwe kabla mthamini wa ardhi hajafika.