Kusimama Dede: Historia Fupi ya Mchezo Usio na Jina

Upo mchezo ambao vijana wa Kawetele, pale Tukuyu wilayani Rungwe, huucheza kila barabara inapokauka, na ambao kamusi zetu hazijaupa mlango. Kijana hupanda baiskeli, hukanyaga kwa nguvu, huvuta usukani kifuani, na tairi la mbele huondoka ardhini. Huendelea kwenda kwa tairi la nyuma peke yake, hatua tano, kumi, hata ishirini. Waingereza na Wamarekani wana jina la mchezo huu, lililotokana na neno lao la gurudumu. Sisi tunaueleza kwa sentensi nzima. Nataka kuitazama historia ya mchezo huu, kisha niulize kama kweli hatuna neno.

Baiskeli yenyewe ni mgeni aliyechelewa kufika. Mwaka 1817 Mjerumani Karl Drais alionyesha chombo cha magurudumu mawili kilichosukumwa kwa miguu kugusa chini. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Uingereza alitoa baiskeli ya magurudumu yaliyolingana, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop akaleta tairi la upepo. Umbo hilo halijabadilika sana hadi leo. Haukupita muda, wachezaji wa maonyesho wakaanza kuinyanyua: Mmarekani Daniel Canary hutajwa miongoni mwa wa kwanza, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Wakati huohuo, mwaka 1891, wamisionari wa Moravian walikuwa wakijenga kituo chao Rungwe, na baadaye serikali ya Wajerumani ikaweka boma Tukuyu kwa jina la Neu-Langenburg.

Ilipotufikia, baiskeli ilipaswa kuzungumzwa, na hapa ndipo lugha yetu ilipoonyesha akili yake. Usukani tuliutoa majini: ni neno lenye asili ya Kiarabu, lililokuwa la chombo cha bahari kabla ya kuwa la barabara. Tandiko lilikuwa la punda. Kitenzi kupanda tulikuwa nacho tayari kwa mti, kwa mlima na kwa mnyama. Yaliyobaki, yaani tairi, breki, spoki, pampu na keria, tuliyapokea kutoka Kiingereza na kuyapa irabu zetu. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili cha vitabu na shule, na BAKITA ikafuata mwaka 1967. Lakini msamiati wa baiskeli ulitiwa nguvu na mafundi chini ya miti, wenye mikono ya grisi.

Kwa nini basi kitendo hiki kikakosa jina? Nadhani jibu limo katika kazi ya baiskeli yenyewe. Huko Marekani, mwaka 1963, kampuni ya Schwinn ilitoa baiskeli ya watoto iliyoitwa Sting-Ray: magurudumu ya inchi 20, usukani mrefu, kiti kirefu kilichorudi nyuma. Uzito wa mtoto ulikaa karibu na ekseli ya nyuma, na tairi la mbele likawa jepesi kunyanyuka. Mchezo ukapata chombo chake. Kwetu baiskeli ilikuwa Swala iliyotengenezwa nchini, au Phoenix ya China, yenye magurudumu ya inchi 28 na fremu ya chuma kizito. Hiyo ilikuwa ya kubeba.

Kawetele imezungukwa na migomba, na mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mkungu mmoja au miwili ya ndizi ikifungwa kwenye keria, uzito wote huhamia nyuma. Kwenye mwinuko tairi la mbele hunyanyuka lenyewe, bila kuombwa. Mwenye mzigo hushuka, huegemea usukani na kusukuma. Kwa hiyo kitendo ambacho kwa mtoto wa Marekani kilikuwa burudani, kwa baba zetu kilikuwa tishio: ndizi zingemwagika na riziki ya siku kupotea. Jambo linaloogopwa hukemewa, na lugha ya kukemea haihitaji nomino.

Watoto ndio waliogeuza tishio kuwa umahiri. Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu Wanyakyusa, alieleza vijiji vya rika, ambamo wavulana walijenga nyumba zao mbali na za wazazi na kufundishana maisha. Vijiji hivyo havipo tena kwa namna ile, lakini mchezo huu hufunzwa vivyo hivyo, rika kwa rika. Nimewasikia wakielekezana: anza taratibu kwenye mwinuko mdogo, mguu wenye nguvu uwe juu kidogo mbele, kanyaga na kuvuta kwa pamoja, mikono inyooke, mgongo urudi nyuma, na kidole kisiache breki ya nyuma. Agizo la mwisho ndilo linalookoa kisogo. Uzito ukizidi nyuma ya ekseli, breki hiyo ikiguswa, tairi la mbele hushuka.

Sasa tazama mtu anayejifunza: anainuka, anayumba, anatafuta mizani, anaanguka, anainuka tena. Kiswahili kina neno la hali hiyo hasa. Mtoto mchanga anapoachia mkono wa mama na kusimama kwa kuyumbayumba, tunasema amesimama dede. Neno hili linazidi kubaki vinywani mwa mabibi. Likikosa kazi nyingine, litaondoka nao. Ninapendekeza tuwape vijana: baiskeli imesimama dede, kupiga dede, bingwa wa dede. Hatutakuwa tumebuni kitu, tutakuwa tumehamisha neno kama wahenga walivyohamisha usukani kutoka jahazini.

Neno haliishi kwa pendekezo, huishi kwa matumizi, na washairi ndio watumiaji wa kwanza. Natanguliza ubeti wangu mmoja wa tarbia, mizani nane kwa nane:

Tairi laacha njia, la mbele liko hewani,
La nyuma limebakia, lazunguka aridhini,
Kidole chashikilia, breki yake kwa makini,
Dede amesimamia, mwana wetu mlimani.

Mwenye neno bora kuliko dede na alilete. Mwenye ubeti wa pili na auongeze. Vijana wa Kawetele hawatatusubiri. Jua likitoka na tope likikauka, watapanda tena baiskeli zao, na watauita mchezo wao kwa neno lolote litakalokuwa karibu nao siku hiyo.