Plastiki ya katani

Plastiki ya katani ni kompositi inayotengenezwa kwa kuchanganya plastiki, kama vile polipropilini au poliesta, na katani, yaani nyuzi za majani ya mkonge (*Agave sisalana*). Plastiki hushikanisha nyuzi na kuipa bidhaa umbo. Nyuzi hubeba mzigo. Sentimita moja ya ujazo ya katani ina takribani gramu 1.45, ilhali ya nyuzi za kioo ina 2.5, hivyo bidhaa huwa nyepesi. Kwa kuwa katani hunyonya maji na haishikamani vizuri na plastiki, huoshwa kwanza kwa hidroksidi ya sodiamu, kisha hukaushwa. Kompositi za nyuzi za mimea kama hii hutumika hasa katika paneli za milango ya magari. Tanzania, ambako Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge mwaka 1893, ni miongoni mwa wazalishaji wakuu wa katani duniani.