Sare ya alama 406: Datsun 240Z na Safari ya 1973

Wasomaji wangu, leo naomba tuiweke kompyuta kando kidogo (si mbali sana, mtaona) tuzungumze habari ya gari. Gari lenyewe ni Datsun 240Z, na safari yenyewe ni ile ya Pasaka ya mwaka 1973: zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi na matope, na mwisho wake magari mawili yakawa na alama sawasawa.

Nianze na aibu yangu. Juzi juzi vijana wa hapa kwetu Kisumu Ndogo, upande wa Kibera, walikuwa na mashindano ya kandanda. Wakaniomba niwaandikie programu ndogo ya kupanga msimamo wa timu. Kazi ya jioni moja tu: pointi, tofauti ya mabao, mabao ya kufunga, basi. Siku ya mwisho timu mbili zikalingana kwa kila kitu. Programu yangu haikusita hata kidogo. Ikaiweka juu timu ambayo jina lake linaanza na herufi A! Hakuna aliyeiagiza ifanye hivyo. Mimi ndiye niliyeingiza majina kwa mpangilio wa alfabeti, na kwa kuwa sikuipa kanuni nyingine ya kuzitenganisha, zikabaki zilivyokuwa. Vijana wa timu ya pili walinitazama kama mwizi.

Kuna mzee hapa mtaani, fundi wa magari, ana gereji karibu na reli (reli ile ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, mji ambao mtaa wetu umeazima jina lake). Aliposikia kisa changu alicheka mpaka akaweka spana chini. "Kijana wangu," akasema, "hata Shekhar alishinda kwa sare. Lakini kanuni yake iliandikwa kabla ya gari kuwashwa."

Sikumwelewa. Ikabidi nikasome. Haya ndiyo niliyoyapata.

Safari ya zamani ilikuwa mnyama mwingine

Sisi wa rika langu tunaijua Safari Rally iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kule Naivasha. Vipande vya barabara hufungwa, magari hupita moja moja, na muda hupimwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Mwaka huo wa 2021 Sébastien Ogier wa Toyota alimshinda mwenzake Takamoto Katsuta kwa sekunde 21.8.

Ile ya zamani haikuwa hivyo. Ilianza mwaka 1953, tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Kenya, Uganda na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Mwingereza, na njia ilipita katika nchi zote tatu. Magari yalikuwa ya kawaida, ya kununua dukani, na yaligawanywa kwa makundi kufuatana na bei yake. Mwaka 1960 mashindano yakapewa jina la East African Safari.

Barabara hazikufungwa. Dereva alikuwa anashindana, huku akipishana na malori, mabasi, ng'ombe na watu wanaotoka sokoni. Usiku na mchana. Na kwa vile ilikuwa Pasaka, mvua za masika zilikuwa zimekaribia au zimeshaanza. Unaweza kutoka kwenye vumbi lisiloonyesha hata boneti ya gari lako, na baada ya saa chache ukakwama kwenye matope hadi mlangoni, ukisubiri wanakijiji waje wakusukume.

Mwaka 1963 yalianza magari 84. Yaliyomaliza? 7. Mwaka 1968 yakaanza 93, na yaliyomaliza yakawa 7 tena. Ajabu ni kwamba miaka yote miwili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, na gari lilikuwa aina ile ile, Peugeot 404.

Sasa sikilizeni hesabu yake, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Njia yote iligawanywa kwa vituo vya ukaguzi. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ulipewa muda wako. Ukichelewa dakika moja, unapata alama moja ya adhabu. Ukichelewa dakika arobaini, alama arobaini. Muda uliotolewa kati ya vituo vingine ulikuwa mfupi mno, kiasi kwamba hakuna binadamu angeweza kuutimiza, na waandaaji walilijua hilo. Kwa hiyo hakuna aliyetarajiwa kumaliza bila adhabu. Mshindi ni yule aliyeharibikiwa kidogo kuliko wengine. (Wenzangu tunaoandika programu tunaielewa vizuri hali hiyo.)

Gari la spoti porini?

Datsun 240Z ilitoka Japani mwaka 1969, ambako waliiita Fairlady Z. Boneti ndefu, paa limeinama kuelekea nyuma, viti viwili tu. Injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, cc 2,393, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma. Marekani waliipenda sana kwa sababu ilikuwa gari la spoti kamili kwa bei iliyokuwa chini ya yale ya Ulaya. Ukiitazama pichani unaona gari la kijana mwenye pesa anayekwenda ufukweni Jumamosi. Huwezi kufikiri ni la kupanda milima ya Usambara kwenye matope.

Lakini Nissan walikuwa wameshaisoma Safari. Walianza kuleta magari yao mwaka 1963, wakashindwa, wakarudi, wakashindwa tena, kila mara wakijifunza kitu kinachovunjika. Kule kwao Safari ilipata umaarufu hadi mwaka 1969 ikatengenezewa filamu, nyota wake akiwa Yujiro Ishihara. Mwaka 1970 wakashinda kwa Datsun 1600 SSS iliyoendeshwa na Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, na mwelekezi wake Hans Schüller.

Mwaka 1971 wakaleta 240Z. Waliiimarisha bodi, wakaweka bamba la chuma chini ya injini, taa za ziada mbele na tairi za akiba nyuma. Boneti ikapakwa rangi nyeusi isiyong'aa ili jua lisimpige dereva machoni. Herrmann na Schüller wakashinda tena, na gari lao jekundu nambari 11. Wa pili? 240Z nyingine, na dereva wake alikuwa Shekhar Mehta. Gari lile la nambari 11 Nissan walilihifadhi Japani, na mwaka 2013 wakalitengeneza upya.

Kabla hujasema ni jambo dogo, fikiria waliojaribu. Porsche 911 ilimaliza ya pili mwaka 1972, ya pili mwaka 1974, ya pili tena mwaka 1978. Lancia Stratos, ambayo Ulaya ilikuwa inawatesa wote, ilipata ya pili mwaka 1975. Kasi walikuwa nayo. Lakini Safari ilikuwa na siku nyingi za kuikagua kila nati ya gari lako.

Pasaka ya 1973

Shekhar Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Watu walioishi pale vizazi viwili au vitatu wakaacha nyumba, maduka na mashamba. Mehta naye akahamia Kenya.

Hata mwaka haukuwa umetimia, tarehe 19 Aprili 1973, akawa kwenye mstari wa kuanzia ndani ya 240Z, pamoja na mwelekezi wake Lofty Drews. Mwaka huo ulikuwa wa kwanza wa mashindano ya ubingwa wa dunia ya magari, na Safari ilikuwa raundi ya nne. Ndani ya timu hiyo hiyo ya Datsun alikuwepo Harry Källström kutoka Sweden, ila yeye aliendesha gari lisilo na madaha: Datsun 1800 SSS, saluni ya milango minne ambayo angeweza kuwa nayo mwalimu wa shule.

Tarehe 23 Aprili hesabu zikajumlishwa. Mehta: alama 406 za adhabu. Källström: alama 406 za adhabu.

Mimi nilipoona hivyo swali langu la kwanza halikuwa nani ameshinda. Nilijiuliza, inawezekanaje? Zaidi ya kilomita 5,000, magari mawili tofauti, madereva wawili tofauti, matope tofauti, halafu wote wachelewe jumla ya saa 6 na dakika 46? Jibu liko kwenye saa. Vituo vilihesabu dakika nzima. Aliyechelewa kidogo ndani ya dakika na aliyechelewa sana ndani ya dakika hiyo hiyo waliandikiwa namba moja. Sekunde zote zilitupwa njiani, kituo baada ya kituo. Huenda mmoja wao alikuwa mbele kweli, lakini kipimo hakikuwa na jicho la kuliona hilo. Tukitumia lugha ya kazi yangu: data ilikuwa imeshapotea, na huwezi kupanga kwa kitu ambacho hukukihifadhi.

Hapo ndipo kanuni ya mzee wa gereji inapoingia. Ilisema: wakilingana, mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Yaani panga kwa adhabu, ndogo juu. Zikilingana, panga kwa umbali uliokwenda ukiwa safi, mrefu juu. Mistari miwili tu ya programu.

Mehta ndiye aliyekwenda mbali zaidi akiwa safi. Akawa mshindi.

Ilikuwa haki?

Nimelizungusha swali hili kichwani wiki nzima. Ungeweza kuandika kanuni nyingine. Ungeweza kusema mshindi ni mwenye injini ndogo, na Källström angechukua kombe. Ungeweza kusema ni yule aliyeharibikiwa mapema halafu akatulia, kwa sababu kuinuka baada ya kuanguka ni kugumu kuliko kutokuanguka. Kila kanuni inasema unaheshimu nini. Waandaaji wa Safari waliheshimu karatasi iliyobaki safi muda mrefu.

Lakini nadhani haki haikuwa ndani ya kanuni yenyewe. Ilikuwa kwenye tarehe yake. Kanuni ilikuwepo kabla ya mtu yeyote kujua ingemfaa nani. Källström aliianza safari akiwa chini ya kanuni ile ile. Na Mehta, mtu aliyetoka kwenye nchi ambako mtu mmoja aliamka asubuhi akabadilisha kanuni za maisha ya maelfu ya watu, alishinda kwa sababu hakuna aliyebadilisha kitu katikati ya njia.

Baada ya hapo ramani ikaanza kupungua. Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar es Salaam. Miaka michache baadaye njia ilibaki ndani ya Kenya tu. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mehta aliendelea: alishinda mfululizo mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, bado akiwa na Datsun, ingawa si 240Z tena. Jumla mara tano. Alifariki mwaka 2006.

Nilirudi kwa mzee nikamwuliza kama aliwahi kuiona 240Z ikipita. "Hatukuona gari," akaniambia. "Tuliona taa, halafu vumbi, halafu tukabishana hadi asubuhi ilikuwa ya nani."

Na vijana wangu wa kandanda? Nimeiandika upya ile programu. Sasa timu zikilingana kwa kila kitu haichagui yenyewe. Inaandika neno SARE na kusimama. Kanuni za kuvunja sare tumezibandika kwenye ukuta kando ya uwanja, kwa kalamu nene, kabla ya msimu mpya kuanza. Timu zile mbili tulizirudisha uwanjani Jumapili zikacheza mechi moja ya kuamua, baada ya manahodha wote wawili kukubali.

Ilishinda ile inayoanza na A. Mara hii walipeana mikono.

Haya, turudini kazini. Tuonane tena.