Uvuvi wa mshipi mitoni Gusii: Ufito, boya na maji yanayochafuka

KAUNTI za Kisii na Nyamira zinajulikana zaidi kwa ndizi, chai na vinyago vya mawe ya sabuni kuliko kwa samaki. Samaki wengi wanaoliwa huko hutoka Ziwa Victoria, na tangu zamani Abagusii walibadilishana nafaka kwa bidhaa za majirani zao Wajaluo katika masoko ya mpakani. Hata hivyo, kando ya mto Gucha na vijito vinavyoulisha, wapo wanaovua kwa mshipi, si kwa biashara bali kwa kitoweo cha siku moja au kwa kupitisha wakati.

Uvuvi huo mdogo haujaandikwa sana. Una mbinu zake, na mbinu inayofaa mahali fulani hueleza mengi kuhusu hali ya maji yenyewe.

Mito na samaki wake

Gucha, ambao Wajaluo huuita Kuja, huanzia kwenye nyanda za juu za Gusii, hupita Ogembo, kisha huteremka kupitia Kaunti ya Migori hadi Ziwa Victoria. Mto Riana, ambao hupokea maji ya kijito cha Nyakomisaro kinachopita mjini Kisii, ni miongoni mwa matawi yake. Upande wa Nyamira, maji mengine huelekea mto Sondu, ambao huingia katika ghuba ya Winam. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli huja kuelekea mwisho wa mwaka.

Samaki watatu wa asili hutajwa zaidi katika mito inayoingia ziwani upande huo. Wa kwanza ni kambare, ambaye wengi humwita mumi. Wa pili ni fwani, samaki mwenye magamba makubwa anayekula wadudu, konokono, mimea na samaki wadogo. Wa tatu ni ningu, ambaye hupanda mitoni mvua zinapoanza ili kutaga mayai.

Ufito na nzi bandia

Chombo cha kawaida kabisa ni ufito wa mwanzi au wa mti mwepesi, uzi wa nailoni, ndoano ndogo na nyungunyungu aliyechimbuliwa shambani. Kipande cha bua huelea juu ya maji na kuzama samaki anapovuta chambo. Gharama yake ni ndogo, na mtoto hujifunza kwa kumtazama mkubwa wake.

Fimbo ya kuvulia kwa nzi bandia ni jamaa wa mbali wa ufito huo. Badala ya chambo hai, ndoano hufungwa manyoya na nyuzi hadi ifanane na mdudu. Kwa kuwa nzi huyo hana uzito wowote, kinachorushwa hasa ni uzi wenyewe, ambao hutengenezwa mzito makusudi. Mvuvi huurudisha nyuma na kuupeleka mbele mpaka nzi atue majini taratibu kama mdudu aliyeanguka kutoka kwenye jani.

Mbinu hiyo ililetwa Kenya na walowezi wa Kiingereza pamoja na samaki aina ya trauti, ambao walipandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua, mwaka 1905. Trauti huhitaji maji baridi na safi. Fwani pia anaweza kudanganyika kwa nzi bandia, lakini kwa sharti moja: lazima aweze kumwona. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, ustadi wote wa mkono hauna faida.

Uzi wa boya

Mbinu ya pili haimtaki samaki aone chochote. Mvuvi huchukua chupa ya plastiki au mtungi mtupu wenye kifuniko kinachobana, akaufunga uzi imara wenye chubwi na ndoano. Utumbo wa kuku au kipande cha samaki hutumika kama chambo. Mtungi huachwa uelee jioni na kukaguliwa alfajiri. Ukionekana ukitikisika au umehama bila upepo, huenda samaki ameshanaswa.

Anayelengwa hapa ni kambare. Yeye hutafuta chakula usiku kwa kunusa na kupapasa kwa sharubu zake, na kwa sababu ana kiungo cha kupumulia hewa, huishi katika matope na maji yenye oksijeni kidogo ambamo samaki wengine hufa. Anayemtoa kwenye ndoano hana budi kujihadhari na miiba migumu ya mapezi yake ya kifuani.

Uzi wa boya unafaa kwenye mabwawa na sehemu za mto zilizotulia. Mahali penye mkondo wa kasi sharti ufungwe kwenye mti, la sivyo mafuriko huubeba. Uzi uliopotea huendelea kunasa samaki na ndege bila faida kwa yeyote, na ndoano iliyoachwa ukingoni yaweza kumjeruhi mtoto au ng'ombe anayekuja kunywa maji. Kwa hiyo mvuvi mwangalifu huhesabu mitungi anayoitega na huondoka na idadi ile ile.

Kinachomaliza samaki

Ni rahisi kumlaumu mwenye ndoano samaki wanapopungua, lakini ndoano moja hunasa samaki mmoja. Historia ya ningu inaonyesha hatari iko wapi. Samaki huyo alikuwa msingi wa uvuvi mkubwa kwenye mito inayoingia Ziwa Victoria, hadi nyavu za kutega zilipowekwa kwenye midomo ya mito na kuwakamata majike kabla hawajataga. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi huo ulikuwa umeporomoka, na leo ningu ni miongoni mwa samaki walio katika hatari ya kutoweka.

Katika nyanda za juu, adui mkubwa ni tope. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika eneo dogo lenye vilima. Mashamba hufika ukingoni kabisa, na kila mvua kubwa huteremsha udongo mtoni. Tope hufunika changarawe ambamo samaki hutaga na kuwaficha wadudu wanaoliwa. Fwani hupungua huku kambare akivumilia. Hivyo, pale ambapo uzi wa boya pekee ndio unaoleta kitoweo, mto wenyewe unatoa taarifa ya ugonjwa wake.

Sheria haikosekani. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zinakataza kilimo na shughuli za maendeleo katika ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka mtoni, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 inakataza kuvua kwa sumu, baruti au umeme. Sumu ni mbaya zaidi kwa kuwa huua vifaranga na wazazi kwa pamoja, na maji hayo hayo huchotwa na watu walio chini ya mto. Anayetaka kuvua anashauriwa kuuliza kwanza katika ofisi ya uvuvi ya kaunti kuhusu leseni na sehemu zinazoruhusiwa.

Njia nyingine ni mabwawa ya kufugia. Mpango wa serikali ulioanza mwaka 2009 ulichimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, mengi yakiwa ya mita 300 za mraba. Baadhi yalitelekezwa baadaye, lakini yanayotunzwa hutoa tilapia na kambare. Huko Kegati, Kisii, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) kimefanya utafiti wa kuzalisha samaki wa asili, ningu akiwemo.

Hata hivyo, kifaranga anayezalishwa kituoni hawezi kurejeshwa katika mto usiomfaa. Nyasi na miti ya asili ukingoni hushika udongo, na maji yakibaki maangavu hata baada ya mvua, fwani ataweza tena kumwona mdudu anayetua juu yake.