Agano na Watu wa Mataifa katika Pwani ya Kilifi

Neno agano, ambalo katika Biblia ya Kiswahili hubeba ahadi ya Mungu kwa Ibrahimu na uzao wake, limetokana na kitenzi kuagana, chenye maana ya kupatana na pia ya kupeana kwaheri. Na historia ya Ukristo kati ya Rabai na Malindi inaonyesha maana hizo zikienda sambamba, kwani aliyeingia katika agano jipya alitazamwa na wazee kuwa ameliacha agano la kaya, yaani makazi ya kale ya Mijikenda ndani ya msitu, ambamo lilizikwa fingo, dawa ya kuwalinda wakaao humo.

Mitume walipokutana Yerusalemu yapata mwaka 49, kwa mujibu wa Matendo ya Mitume sura ya 15, walijadili iwapo watu wa Mataifa, ndio wasiokuwa Wayahudi, walilazimika kutahiriwa ili wahesabiwe katika agano, wakaamua kwamba hawakulazimika. Katika pwani hii tohara isingeweza kuwa mpaka, kwa kuwa Mijikenda na Waislamu wote waliwatahiri wavulana wao. Mpaka ulikuwa ustaarabu: Mgiriama, yaani mmoja wa Mijikenda, aliyesilimu aliitwa mahaji, na mara nyingi alihamia mjini, akabadili jina na mavazi, hata baada ya muda akahesabiwa kuwa Mswahili. Kuingia dini kulikuwa kuingia kabila jingine.

Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha misheni ya Rabai pamoja na Johannes Rebmann mwaka 1846, alihubiri kinyume cha desturi hiyo. Injili ya Luka aliyoitafsiri kwa Kinyika, kama lugha ya Mijikenda ilivyoitwa wakati huo, ilichapishwa Bombay mwaka 1848, nayo ni kitabu ambacho mapokeo ya Kanisa husema kiliandikwa na mtu wa Mataifa, na ambacho hufuata nasaba ya Yesu hadi kwa Adamu bila kuishia kwa Ibrahimu. Hata hivyo mhubiri huyo huyo, miaka miwili baadaye, aliziita lugha za Waafrika kwa jina la Hamu mwana wa Nuhu. Nasaba aliyoifuta madhabahuni aliirudisha katika sarufi.

Misheni nayo ilizaa kabila lake. Walioishi humo waliitwa Wamisheni, na swali la Yerusalemu likarudi kwa sura nyingine: je, Mgiriama angeweza kuwa Mkristo bila kuwa Mmisheni? Jibu zito zaidi lilitoka Fuladoyo, kijiji kilichoanzishwa yapata mwaka 1879 na Wakristo Wagiriama mbali na macho ya wazungu, ambako watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya Malindi na Takaungu, walipata hifadhi. Hapo agano la kale, ambalo Mkristo wa Mataifa aliambiwa hafungwi na sheria zake, liligeuka kuwa na uzito usiotarajiwa, maana Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inakataza kumrudisha kwa bwana wake mtumwa aliyekimbia, ilhali wamisionari, wakiwa chini ya mamlaka ya Sultani wa Zanzibar, walibanwa na sheria iliyomtambua bwana kuwa mwenye mali. David Koi, kiongozi wa Fuladoyo, alikamatwa na kuuawa mwaka 1883, na waliomuua walikuwa watu wanaomheshimu Nabii Daudi, ambaye yeye alibeba jina lake. Ibrahimu na wanawe hawakuwa hoja ya ugomvi huo.

Tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani iliwalipa fidia mabwana wa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai, na kila mmoja akapewa hati ya uhuru.