Oscar ya Lupita Haikuwa Lazima

Siku hizi tunaisimulia Oscar ya Lupita Nyong'o kana kwamba ilikuwa imeandikwa. Wapi! Januari 2014, Golden Globe ya mwigizaji msaidizi wa kike ilimwendea Jennifer Lawrence wa American Hustle. Februari, BAFTA kule London ikampa huyo huyo. Ukihesabu vikombe tu, ungesema mambo kwisha.

Mimi msimu wa tuzo ukifika sihesabu vikombe. Nauliza: nani anapiga kura? Golden Globe ilikuwa mikononi mwa waandishi wa habari wa kigeni wasiofika mia moja, na uanachama wao haukuwapa kura ya Oscar. SAG je? Hiyo hupigiwa kura na waigizaji wenyewe, na waigizaji ndio kundi kubwa zaidi ndani ya akademia ya Oscar. SAG ilikuwa imemchagua Lupita kwa 12 Years a Slave. Machi 2, Oscar nayo ikamchagua.

Tukisema ilikuwa lazima ashinde, tunamnyima ushindi wake. Alikuwa na mpinzani wa kweli, na wanaoijua kazi yake ndio waliomwamulia.