Hisabati, Mhasibu na Shahada za Juu

Maneno hesabu, hisabati na mhasibu yametoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Katika Kiswahili kila moja limepata kazi yake: hesabu ni ya sokoni na ya madarasa ya mwanzo, hisabati ni taaluma, na mhasibu ni mtunza vitabu vya fedha. Hata hivyo, udugu huo huleta utata. Kijana atangazapo kwamba anakwenda kusomea shahada ya uzamili ya hisabati, wazee humwuliza: "Utakuwa mwalimu au mhasibu?" Swali hilo si la kudharauliwa, maana njia isiyo na jina haionekani kwa urahisi.

Historia yatuonyesha kuwa njia hizo ni nyingi. Carl Friedrich Gauss alipata udaktari wake mwaka 1799 katika Chuo Kikuu cha Helmstedt, Ujerumani. Mwaka 1807 aliteuliwa kuongoza kituo cha kuchunguzia nyota huko Göttingen. Baadaye alisimamia upimaji wa ardhi ya dola ya Hannover, na kati ya 1845 na 1851 alichunguza mfuko wa wajane wa maprofesa, akikadiria kama fedha zake zingetosha. Kazi hizo zote alizifanya mtu mmoja. Leo kila moja ni taaluma ya pekee.

Wala shahada peke yake haikufungua milango yote. Sofia Kovalevskaya, Mrusi, alitunukiwa udaktari na Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1874, lakini kwa kuwa alikuwa mwanamke hakupata nafasi ya kufundisha chuo kikuu mpaka alipokwenda Stockholm mwaka 1883.

Tukirudi kwenye istilahi zetu, mpima ardhi tunaye, mtakwimu tunaye, mwanafalaki tunaye, nasi yafaa tumtenge na mnajimu atabiriye mambo kwa nyota. Lakini yule afanyaye kazi kama ile ya mfuko wa wajane bado huelezwa kwa fungu zima la maneno, "mtaalamu wa hesabu za bima". Na hesabu ikirudi, mhasibu naye hurudi. Tunapendekeza aitwe mkadiriabima, nao wasomaji walipime neno hili.

Uzamivu hutukumbusha kuzama. Azamaye hana budi kujua atakapoibukia, na ni wajibu wa lugha kumtajia mahali hapo.